Pikipiki Kuukuu za Kinole: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Kata ya Kinole, iliyoko katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, imekaa upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ule upande unaozipokea pepo za Bahari ya Hindi pamoja na mvua yake. Wananchi wa huko hulima ndizi, mananasi, machungwa, mdalasini, pilipili manga, iliki na karafuu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wakifika Kinole hawataona ugeni katika mashamba. Ugeni watauona katika miteremko. Zamani mazao hayo yalishuka milimani vichwani mwa watu. Siku hizi mengi hushuka kwa pikipiki, na pikipiki hiyo hiyo ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati, mwalimu shuleni na bwana shamba kwa wakulima wake.

Chombo chenye majukumu ya namna hiyo kikikataa kuwaka alfajiri, hasara si ya mwenye chombo peke yake. Ndizi iliyokwisha kukatwa haimngoji fundi, wala mgonjwa hamngoji.

Katika pikipiki zinazowashwa kwa umeme, hasa zile zilizokula miaka mingi, uko ugonjwa mmoja unaosumbua sana. Mwenye chombo hubonyeza selfu, nayo injini hujikokota kama mtu apandaye mlima na mzigo kichwani; hugeuka mara moja au mbili, kisha hunyamaza. Hapo ndipo matumizi yasiyo na hesabu huanza. Hununuliwa betri mpya. Injini huwaka kwa siku chache, kwa kuwa betri mpya ina nguvu ya kuushinda ubovu uliobaki, halafu uvivu hurudi. Hununuliwa selfu, nayo haisaidii. Mwishowe chombo huegemezwa ukutani kikawa kiota cha kuku, ilhali kosa lilikuwa katika bolti moja yenye kutu.

Wengine huiteremsha pikipiki mlimani ili magurudumu yaigeuze injini. Njia hiyo yafaa kwa dharura, lakini kuifanya desturi katika kona za Uluguru, wakati wa utelezi wa masika na mzigo ukiwa nyuma ya kiti, ni kuchezea roho za watu. Chombo kinachoteremka bila kutiwa gia hakizuiliwi na injini. Breki peke yake ndiyo tegemeo, na breki za chombo kikongwe nazo ni kongwe.

Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuieleza njia ya kuusaka ugonjwa huu hatua kwa hatua, kwani fundi mwenye utaratibu hahitaji karakana kubwa.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba injini inayozunguka kwa uzito si sawa na injini inayozunguka vizuri ikakataa kuwaka. Hii ya pili huenda imekosa petroli, hewa au cheche. Ile ya kwanza imekosa nguvu ya kuizungusha, au kuna kitu kinachoizuia. Hivyo basi, fundi anayeanza kwa kufungua kabureta ya injini inayojikokota amekwisha kupotea njia kabla ya kushika spana ya pili.

Hatua ya pili ni kutenganisha umeme na chuma. Ziondolewe plagi, gia iwe huru, kisha injini igeuzwe kwa mkono au kwa kiki ikiwa ipo. Ikiwa nzito hata bila plagi, kosa limo ndani: beringi imechakaa, pistoni inakwama, au imetiwa oili nzito kuliko ile iliyoagizwa na kitabu cha chombo. Oili ya namna hiyo huzidi kuwa nzito katika baridi ya asubuhi milimani. Lakini injini ikigeuka kwa wepesi, basi chuma hakina hatia, na umeme ndio unaopaswa kuhojiwa.

Betri ndiyo ya kwanza kuhojiwa, lakini kwa kipimo, si kwa kudhania. Kifaa kinachohitajika ni kipima volti, ambacho mafundi wengi hukiita mita. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi iliyojaa chaji, ikiisha kupumzika kwa saa kadhaa, huonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8, ikionyesha karibu 12.2 imebakiwa na nusu tu. Kipimo kikubwa zaidi ni kile cha wakati wa kazi: selfu ikibonyezwa, betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Kwa pikipiki za zamani zaidi zenye betri ya volti 6, hesabu hizo zigawanywe kwa mbili. Betri ikishuka sana, itiwe chaji kamili na kupimwa tena kabla ya kuhukumiwa. Maji yakipungua, yaongezwe maji yaliyosafishwa maalumu kwa betri, wala si maji ya mto wala asidi.

Endapo betri ni nzima na injini bado inajikokota, ndipo tufike mahali ambapo wengi hawafiki, yaani katika waya na viungo vyake. Selfu ya pikipiki yaweza kuvuta umeme wa ampea 80. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa sehemu 25 tu za elfu moja za omu, kitakula volti 2 kati ya zile ambazo betri imezitoa. Kwa jicho, waya huo ni mzima. Taa ndogo ya majaribio nayo itawaka sawasawa, kwa kuwa haivuti umeme mwingi. Uovu wake huonekana tu pale mzigo mkubwa unapopita.

Namna ya kuufichua ni hii. Kichwa kimoja cha mita kiguse ncha hasi ya betri, na cha pili kiguse chuma kitupu cha injini, kisha selfu ibonyezwe. Mita isizidi volti 0.3 hivi. Ikionyesha nusu volti au zaidi, waya wa ethi, yaani ule unaourudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye betri, una kasoro. Halafu kichwa kimoja kiwekwe kwenye ncha chanya ya betri na cha pili kwenye bolti ya selfu. Hapo pia, selfu ikibonyezwa, isizidi karibu nusu volti. Ikizidi, kosa limo katika waya mnene au katika relei. Dawa yake mara nyingi ni kufungua kiungo, kukisugua kwa msasa hadi chuma king'are, kukikaza, na kukipaka grisi ili unyevu usirudi.

Viungo vyote hivyo vikiwa safi, ndipo selfu yenyewe ifunguliwe. Ndani yake zimo brashi za kaboni zinazolika kwa miaka. Zikifupika, hazigusi sawasawa. Brashi ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na selfu nzima. Aidha, pikipiki za zamani zenye pointi huweza kujikokota kwa sababu cheche inakuja mapema mno na kuirudisha pistoni nyuma. Umeme wa koili ukikatwa na injini ikazunguka vizuri zaidi, basi muda wa cheche urekebishwe.

Kazi isiishie injini inapowaka. Injini ikiwa katika mwendo wa wastani, betri ya volti 12 inapaswa kuonyesha kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, haitiwi chaji, na kesho itakuwa dhaifu kama jana. Ikipita 15, inachemshwa na itakufa mapema. Tunawatahadharisha mafundi wasiivue betri injini ikiwa inawaka ili kujaribu chaji, maana rektifaya huweza kuungua. Wakati wa kufungua betri, uanze waya uliofungwa kwenye fremu. Ijulikane pia kwamba baadhi ya pikipiki za Kiingereza za zamani zimefungwa kinyume, chanya ikiwa ndiyo ethi.

Asidhani mtu kwamba uvivu huu ni aibu ya nchi maskini peke yake. Norton Commando ya mwaka 1975, pikipiki ya Uingereza yenye injini ya sentimita za ujazo 828, ilitoka kiwandani na selfu iliyokuwa dhaifu mno kwa kazi yake, hata wenye nayo wakaifanyia mzaha kwamba ni msaidizi tu wa kiki. Sehemu ya tiba waliyoigundua ilikuwa kuifunga waya mnene zaidi. Waya uliwashinda wahandisi. Si ajabu ukimsumbua fundi wa kijijini.

Ndugu zetu wa visiwani wana sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili. Kinole unyevu hutoka katika mvua na ukungu. Unguja, Pemba na Mafia hutoka baharini ukiwa na chumvi, nayo huila shaba mpaka ikaota kutu ya kijani. Anayebeba gunia la karafuu kutoka shambani Pemba na anayelibeba kutoka Kinole wana adui mmoja, na dawa yao ni moja.

Sasa tuwageukie watendaji wa Serikali. Milima ya Uluguru ina historia ya kutosha kuhusu dawa inayotolewa kabla ya ugonjwa kupimwa. Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwalazimisha wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo wenye rutuba katika miteremko mingi ya huko ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi huuleta juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 hasira za wananchi zilizuka kuwa ghasia huko Matombo, na mpango huo ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo haikupimwa.

Ofisi inayoiandika pikipiki ya bwana shamba kuwa ni mbovu bila kipimo chochote inarudia kosa la aina hiyo, kwa kiasi kidogo. Maoni yetu ni kwamba chombo cha umma kisitangazwe kufa, wala kisinunuliwe betri ya pili katika mwaka mmoja, mpaka fundi ameandika namba nne: volti za betri ikipumzika, volti zake selfu ikibonyezwa, volti zinazopotea katika ethi, na volti za chaji. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Aidha, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mwenzake wa Zanzibar, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, hazina budi kuwafikia mafundi wa chini ya miembe kwa mafunzo mafupi ya kutumia mita. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, liwe kali juu ya betri na waya duni, kwani mwananchi wa Kinole hana maabara ya kujilinda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pikipiki kuukuu ufa huo ni bolti yenye kutu, na gharama ya kuuziba ni kipande cha msasa na uvumilivu wa kupima.