Watoto Wanaonona Kupita Kiasi: Namna ya Kupanga Kazi na Kutafuta Feza

Mama, unapoleta mtoto kwa kupima kilo, unafurahi kuona ile alama ya karatasi inapanda. Ni haki yako kufurahi. Katika Kongo yetu hesabu ya 2017-2018 ilionyesha kama watoto 42 kati ya 100, wale wa chini ya miaka 5, walikuwa wafupi kupita kiasi, juu ya kukosa chakula kizuri muda mrefu. Basi tukikuambia kama kijana wako wa masomo amenona kupita kiasi, unaweza kucheka: «Munganga, kunona nako ni ugonjwa?»

Ndiyo mama, kunaweza kuleta ugonjwa. Sukari katika damu, tansyo, magoti ya kuuma, haya mambo tulizoea kuyaona kwa wazee, na kwa kijana aliyenona sana yanaweza kuanza mapema. Mwaka wa 2025 UNICEF ilitangaza kama mara ya kwanza katika dunia vijana wa miaka 5 mpaka 19 wenye kunona sana wamepita wale wenye kilo pungufu. Afrika ya kusini ya Sahara haijafika hapo. Lakini mjini unaweza kuona dada amenona na mdogo wake amekonda, na wote wanakula ku sahani moja.

Kama ninyi wamama wa kartie munataka kuanzisha kazi ya kulinda vijana, musianze na barua ya kuomba feza. Anzeni na kuhesabu.

Muende kwa direkta wa masomo pamoja na infirmiye, muombe ruhusa yake na ya wazazi. Kilo peke yake haisemi kitu. Unapima kilo na urefu, kiisha unagawanya kilo kwa urefu wa metre, na jibu unaligawanya tena kwa urefu uleule. Tuseme msichana wa miaka 12 iko na metre 1.50 na kilo 54. Jibu ni 24. Kufuatana na chati ya OMS ya 2007, msichana wa miaka 12 akipita 20.8 uzito umezidi, akipita 25 amenona sana. Basi huyu uzito wake umezidi, lakini hajafika ku ule unene mkubwa. Mwenzake wa urefu uleule na miaka ileile mwenye kilo 32 anapata 14.2, na huyo amekonda kupita kiasi. Wote wawili waandikwe katika kaye yenu. Yule wa pili apelekwe ku sante haraka. Kazi ya wanene isimusahau huyo.

Tena, musiite kilo kwa sauti mbele ya wengine. Mtoto anayechekwa hatarudi kupimwa, na mara nyingi anaenda kula kwa kujificha. Majina yabaki kwa infirmiye. Ninyi munachukua hesabu tu: tumepima wangapi, wangapi wamezidi, wangapi wamekonda.

Kiisha muulize: juu ya nini? Hapa musiwe wavivu. Simameni ku mlango wa masomo saa ya rekreasyo, siku tatu au ine, muandike watoto wananunua nini. Mara nyingi ni mandazi na kile kinywaji cha chupa tunaita sukre. Chupa moja ya santilita 33 inabeba karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vijiko 7 vidogo. Hakuna mama anatia vijiko 7 katika kopo moja ya chai ya mtoto. Lakini mbele ya kugombeza watoto, tazama kama masomo iko na maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu na asiye na maji atanunua sukre, na wewe mwenyewe ungefanya vile.

Ku Ujeremani, katika miji ya Dortmund na Essen, waliwahi kujaribu jambo hili. Mwaka wa masomo 2006-2007 walichukua masomo 32 za watoto wadogo, katika makartie ya watu maskini, karibu watoto 3,000. Karibu nusu ya masomo zilitiwa bomba la maji ya kunywa, kila mtoto akapewa chupa yake, na walimu walifundisha mara 4 juu ya maji. Masomo zingine zikabaki vile zilikuwa. Mwisho wa mwaka, kule ku maji watoto walikunywa karibu kopo moja zaidi kila siku, na hatari ya mtoto kuzidi uzito ilipunguka 31 kwa 100. Sisi tunaweza kufanya kwa bido yenye robine na maji safi ya kuchemsha.

Sasa mpango. Chagueni jambo moja au mawili, si kumi. Kuandika «Tunataka vijana wawe na afya» si mpango, ni salamu. Andikeni hivi: «Kwa mwaka mmoja, katika masomo hizi mbili, kila darasa litakuwa na maji ya kunywa, na watoto wote, wasichana pia, watacheza dakika 30 kila siku ya masomo. Tutapima mwanzo na mwisho.» OMS inaomba dakika 60 kwa siku kwa vijana wa miaka 5 mpaka 17, zile 30 zingine watazipata kwa kutembea na kuchota maji. Wasichana tunawataja kwa makusudi, juu mara nyingi mupira unapewa wavulana na wasichana wanafagia.

Kisha andikeni vitu muko navyo mbele ya vile munakosa. Uwanja upo? Likelemba yenu inaweza kununua bido mbili? Mwalimu atakubali kusimamia mchezo bila malipo? Anayetoa feza anapenda kuona kama mumekwisha kutia mkono. Kwa vitu munavyokosa, kama mizani, ubao wa kupimia urefu, mipira, kamba, bido, muombe proforma ku duka, musikisie bei. Na muandike nani atalipa maji mwaka wa pili. Pale ndipo proje nyingi zinafia.

Kwa kuomba, muanzie karibu: komite ya wazazi, kodesa, biro ya zoni ya afya, Pronanut kwa mashauri, BDOM au biro ya afya ya kanisa lenu. Kikundi kisicho na karatasi za ASBL, zile za sheria ya tarehe 20/7/2001, kinaweza kupitisha maombi yake kwa hospitali au parokia, na feza ikapitia kwao. Barua isipite kurasa mbili.

Neno moja gumu. Siku moja muuzaji wa sukre anaweza kuwaambia: «Nitawapa mipira na majezi, mutie tu jina langu.» Mama, fikiri. Mtoto atakimbia dakika 30 akivaa tangazo la kile kinachomunonesha. Ufaransa walianza ku vijiji viwili, Fleurbaix na Laventie, mwaka wa 1992. 2004 kazi ikaenea ku miji 10 kwa jina la EPODE, na sehemu ya feza ilitoka kwa kampuni za vyakula. Waganga wengi walibishana juu ya ile feza. Kwa maoni yetu, afazali mipira miwili ya likelemba kuliko ishirini ya yule muuzaji.

Feza ikifika, watu wawili waishike, mmoja kaye, mmoja sanduku, na wasiwe wa nyumba moja. Kila fakture ibaki. Mwisho wa mwaka mupime tena, mupeleke hesabu kwa aliyetoa, hata kama hakuna kilichobadilika. Muandike pia juu ya nini. Chati ya OMS infirmiye iko nayo. Mumuombe awafundishe kuisoma siku ya kupima kilo, kisha wamama wenye watoto wachanga wamekwisha kupita.