Je, Wajua? Fedha ya kale huenda haina chapa

Ukionyeshwa Magoma au Lushoto bangili yenye chapa ya 925, ukaambiwa ni ya kale, usiharakishe kulipa. Namba hiyo inadai kuwa sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Haisemi lolote kuhusu umri. Masonara wa Oman waliyeyusha reale, sarafu za fedha za Malkia Maria Theresa wa Austria, ambazo zilizunguka pia Zanzibar na bara, wakafua vikuku bila ofisi yoyote ya kuvipiga mhuri. Reale moja ina gramu 28 na ushei, na fedha yake ni 833 tu kwa 1,000. Hata mwaka 1780 ulioandikwa juu yake unapoteza watu: malkia alifariki mwaka huo, lakini sarafu ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile hadi karne ya 20. Kidani chenye reale ya 1780, basi, chaweza kuwa cha juzi.

Wapo watakaosema chapa ni bora kuliko maneno ya muuzaji. Ni kweli kwa fedha ya kale ya Uingereza, ambako simba anayetembea aliandamana na alama ya mji na herufi ya mwaka. Lakini chapa huigwa, na shaba haikatai kupigwa nyundo. Maji ni shahidi mgumu kumhonga: bangili ya gramu 105 isiyo na uwazi ndani, ikiwa fedha tupu, hupandisha maji mililita 10, ya shaba hupandisha karibu 12. Kisha tazama upande wa ndani, panaposuguana na mkono. Wekundu ukichungulia hapo, fedha ilipakwa tu.