Waya Kwanza, Lawama Baadaye

Hapa Area D, Dodoma, mtu akiniletea kompyuta ya Linux na kusema "mtandao umekata", siulizi habari za bando. Nachungulia tundu la waya. Vumbi la kiangazi hujaa humo, na kile kilimi cha plastiki cha plagi kikivunjika, waya hulegea na taa huzimika. Naandika amri ya ip link. Nikiona NO-CARRIER, programu siigusi: tatizo ni waya, tundu au kifaa cha upande wa pili.

Wai-fai ina vituko vyake. Amri ya rfkill list huonyesha kama redio imezimwa, na mara nyingi ni kitufe alichobonyeza mtoto.

Mawimbi yakiwepo lakini kurasa hazifunguki, napiga ping kwenye ruta, kisha namba ya nje 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikakaa kimya, yaelekea shida iko nje ya nyumba. Namba ikijibu na jina likakataa, shuku DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Wengi hapo hufuta mfumo mzima wausimike upya! Kupoteza muda tu. Badilisha kwanza anwani ya DNS.