Udereva si Kukariri Alama

Hivi majuzi nilisafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma nikiendeshwa na mpwa wangu, kijana aliyekuwa amepata leseni majuma machache tu. Tangu Kiminini alinitajia kila alama ya barabarani kwa jina lake la Kiingereza, wala hakukosea hata moja. Nilifurahi, kama afurahivyo mwalimu yeyote.

Karibu na Kamukuywa tulilifikia trekta lililosheheni miwa, likijikokota kupanda mwinuko. Kijana akawasha taa ya kuashiria, akaanza kutoka upande wa kushoto ili alipite. "Mwanangu, huuoni mstari huo?" nilimwuliza. Katikati ya barabara palikuwa na mstari mzima, usiokatika. Akarudi upesi nyuma ya trekta. Punde si punde, lori likachomoza kileleni.

"Mjomba, mstari huo naujua," alisema alipotulia. "Niliulizwa kwenye mtihani." Nikamwuliza kwa nini ulichorwa pale. Akanyamaza.

Sisi wanaisimu hufunza kwamba ishara ina umbo na maana. Mpwa wangu alifunzwa umbo. Alisukuma vigari vya kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano, akataja majina, akafaulu. Hakuna aliyemweleza kwamba mstari mzima huchorwa mahali ambapo jicho la dereva halifiki mbele. Wala kwamba penye mzunguko humpisha atokaye kulia kwa kuwa huko ndiko yanakotoka magari yaliyokwisha kuingia.

Walimu wenzangu, kosa hili tunalijua, maana hata madarasani mwetu wamo wanaokariri wasichokielewa. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi mkufunzi wa udereva na amfunze mwanafunzi kwa lugha anayoielewa, amweleze sababu ya kila alama. Ubao wa mji wa mfano usitupwe. Lakini baada yake mwanafunzi apelekwe barabarani, aonyeshwe mstari wenyewe, aulizwe ni kitu gani asichoweza kukiona akiwa pale. Mtahini naye asitosheke na jina la alama; aulize sababu yake.

Nanyi wanafunzi mnaojiandaa kuchukua leseni, msione haya kuuliza. Anayeanguka mtihani wa ubaoni huurudia. Ule wa mlimani, nyuma ya trekta, huenda usirudiwe.