Programu ya Hesabu: Nani Atalipa Mwaka wa Pili?

Kamati ya parokia au mfadhili anaposaidia kikundi kupata kompyuta, bajeti huwa ya mashine, meza na mafunzo ya siku chache. Programu ya kutunza hesabu hukumbukwa mwishoni. Matatizo huonekana mwaka wa pili, fedha za mradi zinapokwisha.

Tuchukue mifano ya kwetu: wenye karasha la mawe ya dhahabu Nyarugusu, mashine ya kukoboa mpunga Kahama, duka la vipuri vya pikipiki Katoro. Wote wanahitaji kuandika mauzo, madeni na mali iliyobaki. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Kwa hiyo programu inayofaa ni ile itakayowawezesha kufungua vitabu vyao hata mradi ukiisha.

Programu za kulipia kila mwezi au mwaka

Hizi zina faida zake. Masahihisho huja yenyewe, kumbukumbu nyingi huhifadhiwa mtandaoni, na kompyuta ikiibiwa kazi haipotei. Lakini ni kama umeme wa LUKU: malipo yakikatika, na huduma inakatika. Kwa mfano, malipo ya Microsoft 365 yakikoma, baada ya muda utaweza kusoma na kuchapa nyaraka zako, lakini si kuzihariri.

Bei nyingi pia hufuata dola. Tuseme watumiaji 3 wanalipa dola 10 kila mmoja kwa mwezi, yaani dola 360 kwa mwaka. Dola ilipokuwa karibu shilingi 2,300 mwaka 2022, hizo zilikuwa shilingi 828,000. Ilipofika 2,600 mwaka 2024, zikawa 936,000. Ongeza hapo bando la intaneti.

Programu huria

Programu huria ni zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha. LibreOffice hufanya kazi za barua na majedwali; GnuCash hutunza hesabu. Zote mbili hazina ada, na hufanya kazi bila intaneti.

Uhuru huo umewahi kutufaa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Sweden, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hawakulazimika kusubiri kampuni ya nje ione faida. Hata takwimu za zahanati zetu hupelekwa Wizara ya Afya kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi ni ghali. DHIS2 inafanya kazi kwa sababu wapo watu wanaolipwa kuitunza na kufundisha. Kikundi kisicho na fundi wa karibu kitaiacha programu ya bure siku ya kwanza itakapogoma. Na kumbukumbu zikiwa kwenye kompyuta moja tu, bila nakala kwenye diski ya pembeni, mwizi mmoja anamaliza yote.

Nakala za wizi

Wengine huwekewa mjini programu ya kulipia bila leseni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na nakala hizo mara nyingi huja na virusi. Mradi wa parokia usijengwe juu yake.

Maswali kwa kamati kabla ya kununua

1. Mwaka wa pili ada italipwa na nani, kutoka mapato gani?
2. Tukiacha kulipa, tutaweza kutoa hesabu zetu zote na kuzifungua kwa programu nyingine?
3. Fundi anayeijua yuko Geita, Kahama au Shinyanga, na malipo yake ni kiasi gani?
4. Nakala ya kumbukumbu inawekwa wapi, na nani anaikagua kila wiki?

Biashara yenye mapato ya uhakika, intaneti nzuri na matawi kadhaa inaweza kufaidika na programu ya kulipia. Kikundi kinachoanza kwa msaada kianze na programu huria, na mfadhili aelekeze fedha za ada kwenye mafunzo ya watu wawili, si mmoja. Mweka hazina akihama, hesabu zibaki zikisomeka.