Si stima peke yake: joto, vumbi na chumvi vinavyoimaliza kompyuta ya biashara yako polepole

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, saa mbili asubuhi, dada mmoja wa Mtwapa alifungua duka lake kama kawaida. Ni duka dogo: kaunta ya kuweka na kutoa pesa, printa moja, na kompyuta mbili za wateja wa saiba. Akabonyeza kitufe cha kompyuta yake ya kazi. Kimya. Akabonyeza tena. Feni ikazunguka sekunde mbili, ikanyamaza.

Usiku uliotangulia stima ilikuwa imepotea mtaani, ikarudi, ikapotea tena. Kwa hivyo kila aliyeingia dukani alikuwa na jibu tayari: "Ni stima hiyo, mama." Mimi nilikuwa nimeenda kuzungumza naye kuhusu kazi ya uwakala, na hata mimi nilidhani hivyo hivyo.

Fundi alipofungua kasha la mashine, hadithi ikabadilika. Vumbi lilikuwa limeshikana kwenye feni kama pamba ya mto. Kwenye ubao wa ndani kulikuwa na madoa ya kijani, kama yale unayoyaona kwenye sarafu ya zamani. Fundi akatikisa kichwa. "Stima imemalizia tu, dada. Hii mashine imekuwa ikiliwa kitambo."

Lakini dada yule hakuwa akiwaza mashine. Alikuwa akiwaza daftari. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika madeni ya wateja kwenye faili moja ndani ya kompyuta ile. Watu 31: mwenye kibanda cha chipsi, mama wa karo, vijana wa bodaboda. Hakuna nakala nyingine popote. "Sasa nikienda kumdai mtu," akauliza, "nitamwambia ni ngapi?"

Swali lake ndilo limetufanya tuandike makala haya. Iwe una kompyuta ya duka, laptopu ya mwanafunzi, au simu tu unayopokelea malipo, mazingira unayoviweka vifaa hivi ndiyo yanayoamua vitadumu kwa muda gani.

Joto: kompyuta nzito alasiri si lazima iwe na virusi

Watengenezaji wengi wa laptopu huandika kwamba mashine zao zinafaa kufanya kazi mahali penye joto la kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi. Nyuzi 35 si mbali kwetu. Lodwar mchana wa kawaida hufika hapo. Duka la mabati lisilo na dari linaweza kupita hapo ukiwa Mombasa, Garissa au hata Kisumu. Gari lililoegeshwa juani hupita hapo haraka, hata Nairobi.

Tena kompyuta yenyewe hutengeneza joto. Feni inavuta hewa ya nje ipooze ndani. Hewa ya nje ikiwa tayari ni moto, kazi hiyo inakuwa ngumu. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Ndiyo maana mashine iliyokuwa nyepesi asubuhi inakuwa nzito saa nane mchana, na wewe unalaumu virusi au bando.

Betri nazo huzeeka haraka kwenye joto, hasa zikikaa zimejaa asilimia 100 muda wote. Ukiona sehemu ya kugusa ya laptopu imeinuka, au mgongo wa simu umeachana, betri imevimba. Acha kuitumia, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Mpelekee fundi.

Cha kufanya:
- Weka laptopu juu ya meza ngumu, si kitandani wala kwenye kochi. Godoro huziba matundu ya hewa.
- Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya kompyuta na ukuta.
- Usichaji simu chini ya mto, na usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Vumbi: blanketi ambalo hukuliomba

Ukikaa kando ya barabara ya murram, au karibu na mjengo, unajua kaunta inavyokuwa ukiifuta asubuhi na kuitazama tena mchana. Vumbi hilo hilo linavutwa na feni hadi ndani. Linaziba njia za hewa na kufunika vipande vinavyotakiwa kupoa. Kwa hivyo vumbi ni joto la mlango wa nyuma.

Kompyuta ya yule dada ilikuwa imewekwa sakafuni, ikielekea mlango. Mahali pabaya kuliko pote! Kila mteja aliyeingia aliipigia vumbi kwa miguu yake, na kila ufagio wa asubuhi ukaongeza. Kuinua tu mashine juu ya stuli, mbali na mlango, kunapunguza mengi bila kulipa chochote.

Kusafisha nako kuna adabu yake. Zima, chomoa waya, peleka nje. Tumia brashi laini au upepo wa kupulizia, na ushike feni kwa kidole isizunguke kwa kasi. Skrini ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo; usimwagie maji wala dawa moja kwa moja. Na lile sanduku la ndani linalopokea stima, usilifungue kamwe: linaweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Unyevu na chumvi: kinachokula mabati kinakula kompyuta

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa habari hii. Anajua misumari, mageti na mabati yanavyoliwa karibu na bahari. Upepo wa baharini hubeba chembe ndogo za chumvi. Chumvi ikikutana na unyevu wa hewa inakuwa maji yanayopitisha umeme, na maji hayo hula shaba iliyo kwenye ubao wa kompyuta. Yale madoa ya kijani ndiyo kutu ya shaba. Mashine ya duka lililo karibu na ufuo inahitaji kufunguliwa na kusafishwa mara nyingi zaidi kuliko ya Nakuru.

Lakini unyevu si wa Pwani peke yake. Limuru na Kinangop kuna ukungu na baridi. Kifaa kilicholala kwenye baridi kikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto na mvuke, hutokwa jasho, sawa na chupa ya soda ikitoka kwenye friji. Pwani ni vivyo hivyo ukitoka kwenye ofisi yenye ubaridi wa mashine na kuingia kwenye joto la nje. Dawa ni subira: acha laptopu ndani ya begi nusu saa hivi izoee hewa, ndipo uiwashe.

Na ikimwagikiwa na chai au mvua? Zima mara moja, chomoa chaja, igeuze maji yatoke, iache mahali penye upepo. Usiiwashe "kucheki kama inafanya kazi". Umeme juu ya maji ndio unaoua. Na mchele tafadhali tuachie pilau. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasiweke simu zilizolowa ndani ya mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuharibu simu.

Stima: hatari iko pia kwenye kurudi

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Inapopotea, kompyuta inazimika ghafla na kazi ambayo hukuhifadhi inaenda. Inaporudi, inaweza kuja na kishindo, au ikaja hafifu kwa dakika chache huku friji za mtaa mzima zikiwaka kwa pamoja. Mashine iliyokwisha kuchoka kwa joto na kutu haivumilii kishindo hicho.

Ekstensheni ya kawaida inagawa stima tu, hailindi. Unahitaji gadi, ile inayokata stima ikiwa mbaya na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu tena. Ukiweza, ongeza UPS ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Na UPS nayo usiiweke juani, kwa sababu betri yake pia huchoka kwa joto.

Kwa wasomaji wetu wa Kisii, Kakamega na maeneo mengine ya magharibi yanayojulikana kwa radi: mvua ikianza kunguruma, usiamini kifaa chochote. Chomoa ukutani. Chomoa na waya wa intaneti, maana radi hupitia huko pia. Ukifunga duka jioni, fanya hivyo hivyo; hapo ndipo dada wa Mtwapa alipokosea Jumapili ile.

Usisahau pia wageni wadogo. Mende, sisimizi na mijusi hupenda joto la ndani ya mashine. Mjusi mmoja akikanyaga nyaya mbili kwa pamoja anaweza kuzima kila kitu. Usile juu ya kibodi, na usiache makombo kaunta.

Pesa za matengenezo ziwe tayari kabla ya tatizo

Fundi hapigi simu kabla mashine haijakufa. Kwa hivyo tenga kidogo kidogo. Ukiweka shilingi 30 kila siku kwenye akiba ya simu, kwa mwezi ni kama 900, na kwa mwaka ni 10,950. Hiyo inaweza kukununulia gadi, ikalipia usafishaji, na bado ukabaki na kitu.

Unapopeleka kifaa kwa fundi:
- Kubaliana bei kabla ya kazi. Lipa kwa till, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Hiyo ndiyo risiti yako.
- Usimpe fundi PIN yako, hata akisema "nataka kutesti tu". Hakuna ukarabati unaohitaji PIN ya pesa.
- Kama mashine bado inawaka, toka kwenye barua pepe na akaunti zako zote kwanza.
- Ikiwa ni simu, ondoa laini yako ubaki nayo.

Na daftari la biashara lisikae mahali pamoja. Nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi au barua pepe yako, na ya tatu, ukipenda, kwenye karatasi.

Mambo ya yule dada yaliishaje?

Siku nne alikaa bila faili. Akaamua kuwaendea wadeni wake na kuwauliza wenyewe. Wengi walitaja deni lao bila kusita, hata mmoja akataja zaidi ya alilokuwa akikumbuka yeye. Wawili wakasema wameshalipa. Aliniambia moyo wake uliruka. Alikuwa na hakika wanamdanganya.

Siku ya tano fundi akafanikiwa kuitoa diski ikiwa nzima na kuiweka kwenye mashine nyingine. Faili likafunguka. Majina yale mawili yalikuwepo, yote yanadaiwa. Akachukua simu apige, tayari kwa maneno makali. Halafu akasita, akaomba kwanza taarifa ya miamala yake ya miezi mitatu iliyopita.

Mmoja hakuwa amelipa. Wa pili alikuwa amelipa kwa till, Jumamosi moja ya pilkapilka, na dada yule akasahau kuandika. Kama si taarifa ile, angempoteza mteja wa miaka mingi kwa kosa lake mwenyewe. Alimpigia, ndiyo, lakini kumwomba radhi.

Leo kompyuta yake iko juu ya stuli, imefunikwa kitambaa usiku ikishazimwa na kuchomolewa. Kila Jumamosi kabla ya kufunga analinganisha faili na taarifa ya miamala, kisha anajitumia nakala kwa barua pepe. Anasema kazi hiyo inamchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Chai yenyewe anainywea upande wa pili wa kaunta.