Macheo ya mtu wa zamu ya usiku

Kolwezi, nchini Kongo (DRC), jua halina vituko. Mwezi Juni huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na mwanzoni mwa Novemba saa kumi na mbili kasorobo. Kwa hiyo ukimweleza mtu wa huku kuhusu saa ya kitandani yenye taa inayowaka polepole kama macheo, atakuuliza ni ya kazi gani. Uholanzi, ambako Desemba jua huchelewa hadi karibu saa tatu asubuhi, swali hilo haliulizwi.

Lakini migodi ya Kamoto na Kamoa-Kakula hailali. Dereva wa lori aliyekesha kazini hulala mchana, pazia limefungwa, akaamka jioni jua likizama. Huyo ndiye asiye na macheo, na kwangu ndiye wa kwanza kutengenezewa saa hii.

Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakichunguza macho ya panya, walionyesha kwamba kuna seli zinazohisi mwanga ili kuupasha ubongo habari za usiku na mchana. Binadamu pia anazo, na rangi ya buluu ndiyo inayoziamsha zaidi. Basi taa ianze na wekundu hafifu, ipitie manjano, imalizie na weupe. Mwanga wa namna hiyo hupunguza ule uzito wa kichwa wa mtu aliyekurupushwa usingizini, na uzito huo si wa kushika nao usukani wa lori la mgodini.

Ugumu wenyewe uko kwenye giza. Taa ya LED hufifishwa kwa kuwashwa na kuzimwa mara mamia kwa sekunde. Kinachobadilika ni muda wa kuwaka. Ukiipa ngazi 256, kutoka ya kwanza kwenda ya pili mwanga unakuwa maradufu, na katika chumba cheusi mruko huo unaonekana waziwazi. Kutoka ya 200 kwenda ya 201 hakuna atakayetambua, kwa sababu jicho hupima kwa uwiano. Fundi makini atatumia ngazi 65,536, na kila hatua ataongeza mwanga kwa asilimia ileile. Hapo ndipo macheo yanapokuwa macheo.

Halafu kuna umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini majumbani umeme hukatika. Betri ndogo ya volti 3 itunze majira. Taa ya wati 5, hata ikiwaka kwa nguvu zote nusu saa, hula watisaa 2.5, kwa hiyo seli moja nzima kutoka betri ya kompyuta ya zamani, ya watisaa 9 hivi, inatosha kuamsha mara tatu. Nyingi za betri hizo zina kobalti, madini yanayochimbwa papa hapa.

Swichi ya zamu iwe kubwa, ya kupapaswa gizani, maana zamu hubadilika. Na mlio usiondolewe: uanze dakika moja baada ya mwanga kukamilika, kwa ajili ya aliyejifunika shuka hadi usoni.